Uwanja wa Kutazama na Uwanja wa Kucheza



Tulipokaa mezani na waajiri kuzungumza mapatano mapya, bwana mmoja wa upande wao alitupa jibu ambalo twapenda kila mwanachama alisikie. Madai yetu yalikuwa kumi na moja. La tisa lilikuwa fupi kuliko yote: kampuni iondoe trela na makontena katika uwanja wa mpira ulio kati ya kiwanda na nyumba za wafanyakazi, uwanja urudi kuwa uwanja. Yule bwana akalisoma, akatabasamu, akasema, "Watu wenu wanabeba magunia kutwa nzima. Mazoezi gani tena wanayataka?" Wenzake wakacheka. Na tusifiche, mjumbe wetu mmoja alicheka pia, kwa maana ukilisikia neno lile kwa haraka unaona lina akili. Dai la tisa likarukwa, tukaenda la kumi, la buti na glavu.

Tangu siku hiyo neno lile halikututoka. Tumelizungumza katika tawi letu hapa Jinja, tumelizungumza na ndugu zetu wa mashamba ya miwa na ya chai walipokuja katika semina, na leo tunaandika jibu ambalo tulipaswa kulitoa palepale mezani.

Kwanza habari hii ya magunia. Mwaka 2018 wachunguzi wa Shirika la Afya Duniani walitoa hesabu ya nchi nyingi kuonyesha ni watu wangapi wasioutumia mwili kiasi cha kutosha. Duniani kote walikuwa zaidi ya mtu mmoja katika kila wanne. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi zenye watu wachache kabisa wa namna hiyo, watu 5 au 6 tu katika kila 100, na magazeti yetu yakashangilia kwamba sisi ndio wenye afya kuliko mataifa yote. Hesabu ile haikusema hivyo. Ilijumlisha jembe, kuni, ndoo ya maji, baiskeli na safari ya miguu kwenda sokoni. Mama anayepanda kilima na lita 20 kichwani alihesabiwa kama mtu wa mazoezi, naye hakuwa na hiari.

Je, jasho la namna hii linaleta afya ileile anayoipata mtu anayekimbia jioni kwa kupenda kwake? Watafiti wa Denmark wamelichungua jambo hili kwa makini. Mwaka 2021 walitoa matokeo ya watu zaidi ya 100,000 wa Copenhagen na vitongoji vyake. Kila mtu aliulizwa mambo mawili mbalimbali: kazini unatumia nguvu kiasi gani, na katika saa zako mwenyewe unautumia mwili kiasi gani. Kisha wakafuatwa kwa miaka. Walioutumia mwili sana katika saa zao wenyewe walipata maradhi ya moyo kidogo zaidi, na waliokufa mapema walikuwa wachache. Walioutumia mwili sana kazini mambo yao yalikuwa kinyume, maradhi yalizidi na vifo vilizidi, hata baada ya kutazama tofauti za sigara, elimu na kipato.

Sisi hatukusoma vyuo vikuu, lakini sababu yake haitushindi. Mpiga mbio akichoka anatembea. Mbeba magunia anatembea nyapara anapotaka. Mpiga mbio moyo wake unapanda nusu saa kisha unatulia. Mbeba magunia moyo wake umepanda saa nane, na saa za ziada zikiwapo ni kumi na mbili, na kesho yake anaanza tena kabla mgongo haujapona. Mkata miwa anainama upande uleule na kuinua mkono uleule maelfu ya mara. Mchuma chai shingo yake inabeba kikapu, na vidole vyake tu ndivyo vyenye mwendo. Na tukiingia kiwandani, wengi wetu siku hizi hatubebi chochote. Mshonaji ameketi, mlinzi amesimama, dereva wa foko anaendesha, karani anatazama kioo. Zamani tulikuwa angalau tunatembea kutoka nyumbani hadi getini. Sasa bodaboda inakuchukua mlangoni na kukushusha getini, nawe unalipa kwa kukosa mwendo uliokuwa wa bure. Presha na ugonjwa wa sukari, ambavyo wazee wetu waliviita maradhi ya mabwana wakubwa, tunavikuta katika zahanati ya kiwanda kwa watu wa miaka thelathini na tano.

Basi mfanyakazi anayehitaji uwanja ni wa aina mbili: yule ambaye kazi imemtumia vibaya, na yule ambaye kazi imemkausha akiwa ameketi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za kuutumia mwili kwa nguvu ya wastani. Nusu saa kwa siku, siku tano. Si jambo kubwa. Lakini nusu saa hiyo utaifanyia wapi? Kando ya barabara kuu penye malori ya Kenya na Kongo? Katika chumba kimoja chenye watu sita?

Hapo ndipo twataka kueleza yaliyotokea katika uwanja wetu wenyewe, maana yametufundisha kuliko semina.

Uwanja ule ulichukuliwa kwa maneno mazuri. Kampuni ilitujia ikasema ghala linapanuliwa, trela hazina pa kusimama, tuwape uwanja kwa miezi mitatu. Sisi wa kamati tulikubali kwa mdomo. Hatukuandika. Tulipewa soda, tukapeana mikono. Sasa ni mwaka wa nne. Kosa hili ni letu, na tunalisema hapa ili matawi mengine yasilirudie.

Kabla ya hapo, kila jioni shifti ya mchana ilipotoka, uwanja ulijaa. Tusifikiri walikuwa vijana wa mpira peke yao. Walikuwapo wazee wa karakana waliokuwa wakizunguka uwanja kwa miguu, mizunguko kumi, wakizungumza habari za pensheni. Walikuwapo akina mama wa idara ya kufunga bidhaa na netiboli yao kwenye kona ya mashariki, pale penye ardhi ngumu. Walikuwapo watoto. Hata wale waliokuja kukaa tu chini ya mwembe walijikuta wameitwa kurudisha mpira ulipotoka nje, na kurudisha mpira ni kukimbia. Idara zilikuwa na timu: karakana, stoo, usafirishaji, hata watu wa jikoni walikuwa na timu yao, ikifungwa mabao mengi na kurudi tena wiki inayofuata.

Trela zilipoingia, watu hawakuandamana. Mwezi wa kwanza vijana walicheza katika nafasi iliyobaki kati ya magurudumu. Mmoja akaumia mguu kwenye chuma, wakaacha. Wazee walijaribu kutembea kando ya barabara, vumbi na honi zikawarudisha nyumbani. Akina mama waliacha mapema kuliko wote. Baada ya mwaka mmoja, ungeuliza mtu mbona hufanyi mazoezi, angekujibu, "Nimekuwa mvivu," au, "Umri umekwenda." Hakuna aliyesema, "Uwanja umechukuliwa." Mtu amenyang'anywa kitu, akajilaumu mwenyewe! Na nafasi ya jioni haikubaki tupu. Vibanda vya kamari ya mpira vilifunguliwa njiani, na watu waliokuwa wakiucheza mpira wakaanza kuuwekea fedha.

Kisha mwaka jana mashine kubwa iliharibika, ikangoja kipuri kutoka ng'ambo kwa wiki sita. Bidhaa zikapungua, trela zikaondoka. Chama hakikutoa tangazo, wala kampuni. Siku ya tatu tu tukaona watoto wamesimamisha mawe mawili kuwa goli. Siku ya tano karakana na stoo wanacheza, wenye buti na wenye miguu mitupu. Wiki ya pili wazee wanazunguka, na mmoja wao, fundi aliyetuambia mara nyingi kwamba magoti yake yamekwisha, tulimhesabia mizunguko minane. Akina mama walirudi wiki ya nne, baada ya kuona wengine hawafukuzwi. Kipuri kikafika, mashine ikawaka, trela zikarudi, na uvivu ukarudi siku hiyohiyo.

Watu ni walewale, mshahara uleule, umri umeongezeka kwa wiki sita tu. Kilichobadilika ni ardhi. Kwa hiyo mabwana afya wanapotubandikia picha ukutani zenye maneno "Fanya Mazoezi", sisi twawauliza: karatasi hii mmeibandika wapi, na kutoka hapa hadi mahali pa kufanyia mazoezi ni hatua ngapi?

Jambo hili limeonekana kwa majirani zetu pia. Mjini Kigali, tangu mwaka 2016, wanafunga barabara baadhi ya Jumapili asubuhi, magari hayapiti. Mwanzo ilikuwa mara moja kwa mwezi, baadaye mara mbili. Watu wanakimbia, wanaendesha baiskeli, wanafanya mazoezi ya viungo kwa makundi, na wauguzi wanawapima presha na sukari bila malipo. Hawakununua saruji kwa kazi hiyo. Walichukua lami iliyokuwapo, wakaiondolea magari kwa saa chache, nayo ikawa uwanja. Huko Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, jambo kama hili lilianza mwaka 1974, na sasa kila Jumapili na sikukuu barabara zaidi ya kilomita 120 zinaachiwa watu wa miguu na baiskeli tangu saa moja asubuhi hadi saa nane mchana. Watu wa Bogotá hawakuzaliwa wapenda baiskeli kuliko watu wa Jinja. Sisi Busoga tuliwahi kubeba mizigo mingi kwa baiskeli.

Na Burundi ilituonyesha upande wa pili. Watu wa Bujumbura wana desturi ya kukimbia kwa makundi Jumamosi asubuhi, wakiimba na kupanda vilima. Mwaka 2014 Serikali ya wakati ule iliyawekea makundi hayo vikwazo, ikataka yakimbie katika mahali palipotajwa tu, kwa hofu ya siasa. Tunaitaja habari hii kwa sababu moja: waliokataza walijua vizuri kwamba watu wanaokimbia pamoja wanazungumza pamoja. Waajiri wetu nao wanajua. Wajumbe wetu wa chama wengi tuliwapata uwanjani kabla hatujawapata mkutanoni.

VIWANJA VIKUBWA NA VIWANJA VYETU

Wapo ndugu watakaosema, "Mbona Serikali inajenga viwanja?" Ni kweli, inajenga. Uwanja wa Mandela pale Namboole ulifunguliwa mwaka 1997, una viti zaidi ya 45,000. Umetengenezwa upya, na mwaka 2025 ulichezewa mashindano ya CHAN ambayo Uganda, Kenya na Tanzania ziliandaa pamoja. Mwaka 2027 nchi zetu tatu zimepewa Kombe la Mataifa ya Afrika. Twafurahi. Tutakwenda kushangilia, wenye nauli. Lakini tupambanue mambo mawili. Kuna uwanja wa kutazama na kuna uwanja wa kucheza. Namboole kutoka kwetu ni karibu kilomita 70. Watu 45,000 wakienda kule, wanaokimbia ni 22 na waamuzi wao, na hao wengine wote wameketi.

Waingereza walijaribu kuamini kwamba kutazama kutazaa kucheza. Walipopewa Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012 walisema watu watavutwa na mabingwa na kuanza michezo wenyewe. Mwaka 2022 ofisi ya ukaguzi wa hesabu za Serikali yao iliandika kwamba katika miaka mitatu iliyofuata michezo ile, sehemu ya watu wazima waliocheza walau mara moja kwa wiki ilipungua. Fedha zilizotumika zilikuwa nyingi mno hata hatuwezi kuziweka katika akili ya mfanyakazi.

Kampala kuna Nakivubo. Uwanja ule ulianza mwaka 1926, katikati ya mji, karibu na soko na stendi, mahali ambapo mchuuzi na mpagazi wangeweza kufika kwa miguu. Mwaka 2017 ulibomolewa ili ujengwe upya na mwekezaji, ukafunguliwa tena mwaka 2024, umezungukwa na maduka. Ni mzuri kwa macho, hatukatai. Lakini kwa miaka saba mji mkuu ulikaa bila uwanja wake wa kati. Anayetaka kujua uwanja wa sasa umejengwa kwa faida gani ahesabu milango ya maduka.

Na kabla ya hapo, watu gani walioinua mpira wa nchi hii? Timu ya KCC, inayoitwa sasa KCCA, ilianzishwa mwaka 1963 na watu wa idara ya maji machafu ya baraza la mji wa Kampala. Ndiyo, waliokuwa wakizibua mitaro na mabomba ya vyoo! Wachezaji wa kwanza walikuwa vibarua na wafanyakazi wa idara hiyo. Mwaka 1976 wakatwaa ubingwa wa nchi, na mwaka 1978 wakatwaa kombe la vilabu vya Afrika ya Mashariki na Kati. Wazee wetu wa Jinja watawatajia Nytil ya kiwanda cha nguo. Wa Kampala watawatajia Coffee ya wauza kahawa na UCB ya benki. Wa Lugazi watawatajia SCOUL ya sukari. Hizo zote zilikuwa timu za mahali pa kazi, na nyuma ya kila timu ya kwanza kulikuwa na timu ya pili, ya tatu, na watu wanene wa ofisini waliokimbia Jumamosi kwa ajili ya afya na kucheka.

Mashirika ya umma na viwanda vilipoanza kuuzwa katika miaka ya 1990, mnunuzi alihesabu mashine, majengo na ardhi. Uwanja katika hesabu yake ni ardhi tupu, na ardhi tupu ni fedha iliyolala. Hakuna aliyesimama kusema kwamba juu ya ardhi ile kuna mazoezi ya watu elfu moja. Yaliuzwa pamoja na nyasi.

Kutokana na hayo tumefikia shauri ambalo ndugu wengine hawakubaliani nalo, nasi twalisema wazi. Uwanja wa kampuni ni mzuri, lakini tusiutegemee peke yake. Uwanja wa kampuni ni kama nyumba ya kampuni: siku ukifukuzwa kazi unaondoka na godoro lako. Na kampuni ikiuzwa, uwanja unauzwa. Katika mashamba ya chai na miwa hakuna njia nyingine, kwa maana kila shubiri ya ardhi ni ya mwenye shamba, na huko uwanja lazima uingie katika mapatano, pamoja na ukubwa wake na mpaka wake. Lakini mjini madai yetu yaende kwanza kwa baraza la mji. Jinja imekuwa jiji tangu Julai 2020. Jiji ni nini? Kama ni hoteli na taa za barabarani tu, mfanyakazi atabaki kuwa mpita njia. Uwanja wa mtaa ulioandikwa katika ramani ya jiji kuwa uwanja wa umma hauwezi kuchukuliwa kwa soda na kupeana mikono, walau itabidi wakae kikao, na kikao tunaweza kukijaza watu.

AKINA MAMA WALITUSAHIHISHA

Katika kuandaa madai haya sisi wanaume tuliandika: magoli mawili, nyasi, na chumba cha kubadilisha nguo. Tulidhani tumemaliza. Mama mmoja wa idara ya kufunga bidhaa, mjumbe wetu kwa miaka mingi, akasimama. Akasema, "Nyinyi baba zetu mnaandika uwanja wa siku ya mashindano. Sisi twataka uwanja wa kila siku." Akatueleza. Yeye anatoka kazini saa kumi na moja, anapita sokoni, anapika. Akipata nafasi ni saa moja na giza limeingia. Uwanja usio na taa kwake ni kama haupo. Uwanja usio na choo chenye mlango na kitasa ni kama haupo. Uwanja usio na bomba la maji, mahali pa kumweka mtoto ambapo anamwona akiwa anacheza, ni kama haupo. Na njia ya kutoka nyumbani hadi uwanjani isipokuwa salama, basi hata mkiweka nyasi za Ulaya hatakuja.

Tukanyamaza. Baadaye tulikumbuka kwamba akina mama ndio waliokuwa wa kwanza kuacha na wa mwisho kurudi, na sisi tulidhani ni haya. Dai la tisa sasa limeandikwa upya, na taa nne zimetangulia magoli. Netiboli nayo imepewa uwanja wake wenye mistari, haikuachiwa kona.

Jambo la ada pia alilitaja, na hapa tulikubaliana bila ubishi. Viwanja vingine mjini vimewekewa geti na mtu wa kukatisha tiketi. Anayelipwa kwa kibarua hatatoa fedha ya unga kwenda kukimbia. Na siku hizi kuna majimu ya vioo, mashine za kukimbilia palepale, muziki mkubwa, malipo ya mwezi mmoja ni posho ya familia. Wenye uwezo na waende, hatuna wivu nao. Lakini jiji lisituambie kwamba huduma ipo kwa sababu biashara ipo.

MISHAHARA KWANZA?

Neno gumu kuliko yote halikutoka kwa mwajiri, lilitoka kwa wanachama. Katika mkutano wa tawi kijana mmoja wa stoo alisema, "Mzee, mimi nina deni la karo. Wewe unaniletea habari za mpira." Watu wakampigia makofi. Alikuwa na haki ya kusema, na sisi hatukusimama kumkemea.

Ni kweli, mshahara mbele. Hatutakubali kamwe mwajiri atupe mpira badala ya nyongeza. Ujanja huo ni wa zamani. Tangu ukoloni waajiri walijua kugawa jezi Jumamosi ili watu wasikutane Jumapili kuzungumza mishahara. Tukiona jezi mpya zimefika wiki ile ya mazungumzo, tuzihesabu na kuuliza kwa nini zimefika leo.

Lakini dai hili haligombani na mshahara, maana kwa sehemu kubwa halidai fedha. Ardhi ipo. Ilikuwa uwanja. Tunachotaka ni isichukuliwe. Taa nne na bomba moja kampuni inaweza kuviweka bila kutikisika. Na kijana wa stoo afanye hesabu nyingine: fundi akipooza upande mmoja kwa presha akiwa na miaka arobaini na minane, karo ya watoto wake italipwa na nani? Tumechangishana mara ngapi kwa ajili ya wenzetu wa namna hiyo? Kitabu cha michango cha tawi kipo, majina tunayajua.

Tena haki hii si ndoto ya tawi moja. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha pendekezo juu ya saa za mapumziko za wafanyakazi mwaka 1924, na ndani yake michezo na mazoezi ya mwili vimetajwa. Mwaka 1956 likapitisha jingine juu ya huduma za wafanyakazi: mahali pa kula, pa kupumzika na pa kujiburudisha, na usafiri. Wakati ule waajiri walikaa mezani na vyama na Serikali wakayazungumza mambo haya kama mambo ya watu wazima. Leo bwana mmoja anacheka.

Liko na suala la saa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema wiki ya kawaida ya kazi isizidi saa 48. Uwanja hauna maana kwa mtu anayetoka getini usiku. Kwa hiyo madai ya saa za kazi na dai la tisa yaende pamoja, na mjumbe atakayeuachia upande mmoja ajue ameuachia na wa pili.

Sasa kazi iliyo mbele yetu. Kila tawi la mjini lichague watu watatu, mmoja wao awe mama, waende kutazama viwanja vyote vilivyo karibu na nyumba za wanachama, vilivyopo na vilivyokuwapo. Waandike nani anakitumia kila kimoja, saa ngapi, na kama kimechukuliwa, kilichukuliwa mwaka gani na kwa ruhusa ya nani. Kisha waende ofisi ya mipango ya mji waombe kuona ramani. Wakiambiwa ramani haipo, wamwandike jina karani aliyesema haipo, na tarehe. Ndugu wa mashambani wapime kwa hatua uwanja ulio katika kambi na kuandika mpaka wake, kabla msimu wa kupanda haujafika na trekta halijakosea njia.

Sisi wa Jinja tunaanza Jumamosi, baada ya shifti ya asubuhi, tukikutana getini. Kamba ya kupimia iko kwa mweka hazina. Mama mjumbe amesema atakuja na kitabu, na ameomba yule kijana wa stoo ashike mwisho wa pili wa kamba.